Mlio wa Injini na Mfuko wa Nyumba

Katika jumla ya mambo yanayozitia nyumba nyingi hasara ni gari linapoanza kutoa mlio usiojulikana. Mama husikia mgongo mgeni akiwapeleka watoto chuoni, na jioni gari huwa liko gereji. Fundi hutega sikio dakika moja, kisha husema: "Injini hii imekwisha, tafuteni nyingine." Basi fedha zilizowekwa kwa karo au kwa paa la nyumba hutolewa zote kununua injini, na pengine ikishatiwa, mlio huonekana uko pale pale, kwa kuwa haukuwa wa injini tangu hapo. Wako na wengine walio kinyume cha hao: husikia mlio wa khatari, wakaongeza sauti ya redio, mpaka siku chuma kikavunjika na kutoboa ubavu wa injini njiani. Watu hawa wawili kosa lao ni moja, nalo ni kuamua kabla ya kuuliza.

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazee na vijana, jinsi ya kuuliza. Hatukusudii kumfanya kila mtu kuwa fundi. Tunakusudia mwenye gari ajue la kumwambia fundi, na ajue la kumtaka aonyeshe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Mwaka 1816, mjini Paris, tabibu René Laennec alikunja karatasi ikawa kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Hapo ndipo kilipoanza kile chombo ambacho madaktari huvaa shingoni leo. Fundi mwema hufanya kama hivyo: huchukua bisibisi ndefu au kijiti kigumu, akagusisha ncha kwenye chuma cha injini na kuweka sikio kwenye mpini, akahama hapa na pale mpaka apate mahali ambapo mlio una nguvu zaidi. Nawe waweza kufanya hivyo, lakini kanzu, mtandio na mikono mirefu ya nguo iwekwe mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme huweza kuzunguka ghafula hata injini ikiwa imezimwa.

Kabla ya hayo, yapasa kuuliza maswali matatu. La kwanza: mlio huja wakati gani, injini ikiwa baridi au ikiwa moto? La pili: huzidi wakati gani, gari likisimama, likipanda mlima, au mguu unapoondolewa kwenye akseleta? La tatu: wagonga haraka kiasi gani? Swali hili la tatu lina siri yake. Katika injini zilizo nyingi, kranki, yaani ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa mhimili unaofungua vali juu. Ikiwa injini yazunguka mara 800 kwa dakika, mhimili wa vali wazunguka mara 400 tu. Kwa hivyo mgongo wa chini huja haraka mara mbili kuliko mgongo wa vali moja, na sikio lililozoea huweza kuwatenga wawili hao.

Milio mingi iko nje ya injini, nayo haina gharama kubwa. Mlio mkali kama wa ndege asubuhi gari linapowashwa, khasa wakati wa mvua, mara nyingi ni wa mkanda uliolegea au kuchakaa. Mvumo usiokatika wenye kupanda na kushuka pamoja na kasi ya injini huenda ukawa wa beringi ya altaneta au ya pampu ya maji. Fundi akiondoa mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache tu, na mlio ukatoweka, basi injini yenyewe haina kosa. Uko na mlio wa "ti-ti-ti" unaosikika injini ikiwa baridi, ukapungua ikipata moto. Pengine ni moshi unaovuja pale bomba la eksozi linapoungana na injini, na masizi meusi yatakuonyesha mahali. Wangapi wamenunua injini kwa sababu ya gasketi ya eksozi!

Mlio mwepesi wa juu, kama cherehani, ni wa upande wa vali. Hapa jambo la kwanza ni kuchomoa kijiti cha oili na kutazama. Oili ikiwa imepungua au imekuwa nzito kwa uchafu, ijazwe au ibadilishwe kabla ya kufungua chochote. Mkwaruzo wa mnyororo kila gari linapowashwa waonya kuwa cheni ya taiming imelegea au kikazio chake kimechoka. Huo usiachwe, kwa kuwa cheni ikiruka meno, katika injini nyingi vali hugongana na pistoni, na kazi ndogo hugeuka kubwa.

Mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, unaotokea gari likipanda mlima na mzigo, ni wa petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda. Sababu yaweza kuwa petroli hafifu, joto lililozidi, au masizi yaliyoganda ndani. Huu hutibiwa kwa kuondoa sababu yake. Lakini ukipuuzwa muda mrefu, hutoboa pistoni.

Sasa twaja kwenye mlio wa kuogopwa: mgongo mzito wa chini, kama nyundo juu ya gogo, unaozidi injini ikipewa kazi au mguu unapoachia akseleta. Fundi akiizima silinda moja moja na mgongo ukapungua kwa silinda fulani, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo inayotuhumiwa. Mlio huu ukiambatana na taa nyekundu ya oili, ile yenye sura ya birika, zima gari hapo hapo na ulikokote. Kilomita tano za kujikaza zaweza kugeuza kazi ya beringi kuwa kifo cha injini nzima.

Lakini sikio ni shahidi mmoja tu, na mashahidi wengine wapo, wala si ghali. Mtake fundi apime mkandamizo wa oili kwa geji, si kwa kutazama taa. Mtake apime mgandamizo wa hewa katika kila silinda na akuandikie namba. Silinda ikiwa dhaifu, hutiwa kijiko cha oili ndani na kupimwa tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, isipopanda, tazama vali au gasketi ya silinda hedi. Fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kukuuzia injini, mshukuru na uende kwa mwingine.

Ukishajua ugonjwa, ndipo ufanye hesabu. Tuchukue mfano. Gari likiwa zima lauzwa shilingi 9,000,000, na likiwa bovu kama lilivyo lauzwa 5,000,000. Matengenezo yakiwa 2,500,000, kutengeneza kutakuachia faida ya 1,500,000. Yakiwa 5,000,000, utapoteza 1,000,000 kuliko kuliuza lilivyo. Fedha ulizotumia mwaka jana kwa matairi na rangi hazimo katika hesabu hii. Zimekwisha kwenda, na kuzifuata ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Ama kuchagua baina ya kutengeneza injini yako na kutia nyingine, kanuni ni hii: bloku na kranki vikiwa vyapona, tengeneza, bloku ikiwa imepasuka au kutoboka, badilisha. Kranki iliyokwaruzika huweza kusawazishwa kwa mashine na kutiwa beringi nene zaidi za saizi ya milimita 0.25 au 0.50, kwa sharti njia zote za oili zisafishwe chembe za chuma. Injini iliyotumika nayo ina siri zake. Itake iwashwe mbele yako, ipimwe kama tulivyoeleza, na muuzaji akuandikie muda wa dhamana. Namba yake imo katika karatasi za usajili wa gari, basi mamlaka sharti ijulishwe: TRA huko Tanzania, NTSA huko Kenya. Na lililo kubwa kuliko yote, jua kilichoiua ya kwanza. Ikiwa ilikufa kwa rejeta iliyoziba, na rejeta ile ile ikabaki, umenunua mauti ya pili.

Limebaki neno moja kwa anayekusudia kuliuza gari lenye mgongo. Wako watu humimina oili nzito sana ili mlio unyamaze siku ya mnunuzi kuja. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu, wala jambo hili halitaki fatwa mpya. Anayenunua gari hilo naye ana watoto, na huenda mgongo ukarudi usiku njiani, nao wamo ndani. Mwambie aibu yake, punguza bei, na mwandikiane.