Askari wa Udongo na Askari wa Sinema

Liko shauri linalobishaniwa sasa katika Chama chetu cha Historia, nami naomba nafasi katika gazeti hili la shule nitoe maoni yangu, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wazazi pia. Shauri ni hili: sanamu za askari zinazofinyangwa na wanafunzi kwa maonyesho ya Vita vya Kwanza vya Dunia zifuate habari za kweli, au kila mtu afinyange kama alivyoona katika sinema, mradi zipendeze?

Wengi wasema zipendeze. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tazameni meza yenyewe. Mbele yake pana kadi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: Handeni, Juni 1916. Nyuma ya kadi wamesimama askari wapatao 40, kazi ya mikono hodari kwa kweli, maana wamekaushwa vizuri wala hawana nyufa. Lakini nusu yao wamevaa kofia za chuma ambazo askari wa vita vya huku hawakuzivaa. Wengine wamejifunga mikanda ya risasi kifuani msalaba. Na yuko mmoja, apendwaye kuliko wote, kifua wazi, mikono minene kama mchi wa kinu, kitambaa kichwani, na mkononi ameshika bunduki ambayo mwaka 1916 ilikuwa haijabuniwa mahali popote duniani. Mtu huyu twamjua sote. Hakutoka Handeni, ametoka katika banda la video.

Sisemi kwamba mtoto akifinyanga mtu wa sinema ametenda kosa. Mchezo ni mchezo, na watoto wa nchi hii wamefinyanga ng'ombe na watu tangu zamani. Tena kwetu udongo haukuwa mchezo tu. Bwana Hans Cory alitoa kitabu mwaka 1956 juu ya sanamu za udongo zilizotumiwa na makabila ya Tanganyika, Wazigua na Washambaa wakiwa miongoni mwao, katika kuwafundisha vijana wanaoingia utu uzima. Kila sanamu ilikuwa na mafunzo yake na wimbo wake. Basi hapa petu sanamu ni kitu cha kusema neno, na neno likisemwa mbele ya wageni huku limeandikiwa mwaka na mahali, yapasa liwe la kweli. Aondoe kadi, mimi nitanyamaza.

Je, askari wa kweli wa Juni 1916 walikuwaje? Jemadari Smuts wa Afrika Kusini, akiongoza jeshi la Waingereza, aliteremka kutoka upande wa Moshi akifuata reli na mto Pangani. Mwezi ule jeshi lake likaingia Korogwe, kisha Handeni, na tarehe 24 likapigana na Wajerumani kwenye mto Lukigura. Walikuwamo Makaburu, Wahindi, Waingereza, na baadhi ya askari Waafrika wa KAR. Wazungu walivaa kofia pana za kukinga jua. Askari wa KAR walivaa kaptula na kuzungushia vitambaa miguuni, na wengi wao walikwenda peku au kwa ndara. Askari wa Wajerumani alikuwa na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye kipande cha nyuma cha kukinga shingo na alama ya tai kwa mbele. Bunduki za wengi wao mwanzoni mwa vita zilikuwa za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti itoayo moshi mzito, hata adui akijua papo hapo risasi imetoka wapi. Hizo ndizo zilizotumika Tanga mwezi wa Novemba 1914, na pamoja na uzee wake jeshi lililotoka India lilishindwa likarudi katika meli zake. Mwenye kupenda mambo ya ajabu, je, hayo hayamtoshi? Hata nyuki walikuwako Tanga! Waliwauma watu vitani, na baadaye Waingereza wengine wakaamini ati Wajerumani waliwatega makusudi. Hawakuwatega. Nyuki walichokozwa na risasi tu.

Wako wanaosema kwamba kushika mambo ya vifungo na kofia ni upuzi. Huko Uingereza hawakuuona hivyo. Kiwanda cha William Britain cha London kilianza mwaka 1893 kutengeneza askari wadogo wa risasi walio na uwazi ndani, rahisi kwa bei, na baadaye kikatengeneza hata kikosi cha KAR. Askari hao hivi leo hununuliwa na watu wazima kwa fedha nyingi, nao wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya rangi ya kola. Mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kizima mwaka 1913 juu ya namna ya kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Nasifu bidii yao. Walakini mtu aweza kupata kila kifungo sawasawa na bado akakosa vita vyenyewe, na hapa ndipo ninapoachana na wale wenzangu katika chama wanaodhani kwamba tukibadilisha kofia tumemaliza kazi.

Rudini tena mezani mkahesabu. Askari 40. Wapagazi wangapi? Hakuna hata mmoja.

Nchi hii ina mbung'o, nao waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Motokaa zilikuwa chache na mvua iliziweka matopeni. Ilikuwako reli ndogo ya matroli kutoka Mombo hadi Handeni, lakini vita haviendi penye reli tu. Basi kila risasi, kila gunia la mchele, kila sanduku la dawa, na viti vya maofisa pia, vilikwenda kichwani mwa mtu, mzigo wa ratili 50 hadi 60, siku baada ya siku. Kampuni moja ya Wajerumani ilikuwa na askari kama 160 hadi 200, na wapagazi wake kwa kawaida walifika 250 au zaidi. Maana yake mpagazi alikuwa zaidi ya askari kwa hesabu. Na nyuma yao walifuata wake wa askari na watoto wao, wakipika, wakibeba, na wengine wakizaa njiani. Upande wa Waingereza wapagazi walioandikwa kwa muda wote wa vita hukadiriwa kuwa milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, na njaa. Idadi hiyo yashinda kwa mbali idadi ya askari waliouawa kwa risasi pande zote mbili katika vita hivi vya Afrika ya Mashariki.

Hebu sasa tuangalie sinema zilizotungwa juu ya vita hivi hivi vya kwetu, tuone zimetufundisha nini. Mwaka 1951 ilitoka The African Queen, ambamo mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa Kizungu wanaizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Mwaka 1976 ikatoka Shout at the Devil, ambamo Mmarekani mlevi na Mwingereza mmoja wanailipua meli kubwa ya kivita iliyojificha mtoni. Ni sinema za kuchangamsha, sikatai. Lakini meli ya kweli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikainuliwa tena mwaka 1924, nayo ndiyo Liemba iliyochukua abiria wetu kwa miaka mingi. Na ile ya mtoni, Königsberg, ilipigwa Rufiji kwa mizinga ya meli mbili za Waingereza tarehe 11 Julai 1915, kisha mabaharia wake wakaimalizia. Mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikakokotwa nchi kavu kwa kamba na mamia ya watu, ikaenda kupigana mbali na bahari. Mwaona jinsi ilivyo? Katika sinema watu wawili wanamaliza kila kitu, na wale mamia walioshika kamba wametoweka. Mtoto aliyeona mambo haya mara mia atafinyanga nini? Atafinyanga shujaa mmoja mwenye kifua wazi. Simlaumu.

Nimeambiwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu kabisa, kwamba mgeni hatasimama kumtazama mtu aliyebeba gunia, bali atasimama penye bunduki. Huenda ni kweli kwa dakika ya kwanza. Lakini nani katika wageni wetu hajapata kusikia Kariakoo? Soko kubwa la Dar es Salaam na mtaa mzima wachukua jina la kikosi hicho cha wapagazi, kwa kuwa kambi yao ilikuwa pale. Na kwenye sanamu ya Askari ya mwaka 1927 katikati ya mji ule, aliyesimama juu ya nguzo na bunduki yake ni askari peke yake. Nairobi walisimamisha watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile, na wapagazi zaidi ya wote, hawakuandikwa majina yao makaburini kama walivyoandikwa wengine, ikaomba radhi. Ikiwa watu wa Uingereza wamekubali baada ya miaka mia kwamba waliwasahau, itakuwa aibu sisi kuwasahau mara ya pili juu ya meza yetu, tena kwa udongo wa nyumbani.

Neno moja juu ya askari mwenyewe, maana sitaki mtu anifikirie kwamba namchukia. Yako masimulizi ya Ulaya yanayomtaja askari wa Wajerumani kuwa mtumishi mwaminifu asiyechoka, na sinema nyingine zinamfanya katili mtupu asiye na sura. Yote mawili ni mambo ya kuchora. Alikuwa mtu wa kazi ya mshahara, Msukuma, Mnyamwezi, Mmanyema au Msudani, mwenye mke na ng'ombe wa kununua. Alipigana kwa ushujaa, na pia aliingia kijijini akachukua chakula na vijana kwa nguvu. Ugogo hata leo wazee hutaja Mtunya, ile njaa kubwa ya mwisho wa vita, iliyofuata kuchukuliwa kwa watu, ng'ombe na nafaka na majeshi ya pande zote. Nani atafinyanga ghala tupu? Sijui, lakini ingefaa mmoja wenu ajaribu.

Na wale wanaopenda shujaa wa kwao wasikate tamaa, yuko. Bwana Heri bin Juma, Mzigua, mtawala wa Saadani, aliwapiga Wajerumani tangu 1888, na boma lake la Mlembule lilitekwa Januari 1890 tu baada ya mapigano makali. Mfinyangeni pamoja na watu wake na magobori yao na maboma ya miti. Huyo hahitaji kuazimwa misuli na mtu yeyote.

Shauri langu basi ni jepesi. Meza ziwe mbili. Ya kwanza isiwe na mwaka wala mahali, na kila mtu afinyange atakalo, hata yule ndugu yetu wa kitambaa kichwani awekwe mbele kabisa. Ya pili iwe na kadi yake, Handeni, Juni 1916, na kila kitu kilichopo pale mwanafunzi aweze kukitolea ushahidi mgeni akimwuliza. Wazazi wenye babu waliobeba mizigo katika vita vile wanaombwa watuandikie walivyosimuliwa: walitoka kijiji gani, walichukuliwa na nani, walirudi au hawakurudi. Barua zitasomwa katika chama, na zile ambazo wenyewe wataruhusu tutazibandika ukutani nyuma ya meza.

Wapagazi wanaotakiwa kwa askari 40, kwa hesabu ya kampuni niliyoitaja, ni 50 au 60. Si kazi kubwa. Mtu asimame wima, shingo ngumu, mkono mmoja juu umeshika mzigo na mwingine umeshika fimbo. Mizigo isifinyangwe pamoja na kichwa, maana itapasuka ikikauka. Afadhali ifungwe kwa vipande vya mabua na kamba za mkonge, kisha iwekwe baadaye. Udongo wa kutosha umekwisha kuletwa kutoka bondeni, na kila Jumatano baada ya masomo mlango wa chumba cha chama uko wazi.