Mikungu 12 ya ndizi na funzo la bibi yangu wa Holili

Siku ya nne baada ya mazishi ya bibi yangu, mwanamke mmoja aliingia uani kwetu Holili akauliza ni nani sasa anashika daftari. Alikuwa amevuka kutoka Taveta, upande wa Kenya. Pamoja na rambirambi, alikuwa amefunga fedha kwenye pindo la kanga: salio la mikungu 12 ya ndizi.

Mikungu hiyo aliichukua kwa mkopo Mei 2020. Siku chache baadaye, Mei 16, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuufunga mpaka wa Kenya na Tanzania ili kuzuia Uviko-19. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mchuuzi wa ndizi hana lori. Mama huyu aliuza alichokuwa nacho, na fedha ikaishia kulisha watoto. Mpaka ulipofunguliwa, aliona aibu kurudi kwa bibi.

Bibi alimtumia ujumbe kwa kijana wa bodaboda: “Mwambie deni halina miguu, haliwezi kumkimbiza. Aje achukue mzigo mwingine.” Akaja. Akaanza upya, akawa analipa la zamani kidogo kidogo. Kilichobaki ndicho alichokileta msibani.

Kazi yangu ni kuandika habari za ukanda huu. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambako neno “mtangamano” hutajwa asubuhi hadi jioni. Lakini mtangamano niliujua kwanza nikiwa na miaka kumi, nikiwa karani wa bibi. Yeye hakujua kusoma. Alikuwa akinitajia, nami naandika: jina, kwao, amechukua nini, na mwisho, “Nani anamfahamu?” Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa dhamana yake.

Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Taveta, nyumba yake ilijaa kabla ya jua kuchomoza. Wapo waliokuja kuchukua ndizi na maharage, na wapo waliorudi jioni wakiwa wamechelewa usafiri, wakalala chumba cha nyuma. Kwa kuwa baadhi yao walikuwa Waislamu, bibi, aliyekuwa mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliwawekea sufuria yao ambayo haikuguswa na chakula kingine. Hakumtoza mtu hata senti kwa kulala.

Ukarimu huo ulikuwa na historia. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka huu ulifungwa hadi 1983. Bibi alikuwa mke kijana mwenye wateja Taveta na mama yake mdogo aliyeolewa huko. Sitaficha: alipita njia za panya. Miaka hiyo sabuni ilikuwa adimu upande wetu, na kuna wanawake wa Taveta waliompa kwa mkopo, bila kujua kama wangemwona tena. Alilipa kila kipande. Tangu hapo, alisema, hakuwahi kumwona mtu wa ng’ambo ya mpaka kama mgeni.

Baba yangu mdogo huiona hadithi hii kwa jicho jingine. Anasema wema ulimfukarisha mama yake. Ana hoja. Ndani ya daftari yapo majina ambayo hayakurudi, na yapo ya watu waliolipa nusu wakahamia kwa muuzaji mwingine. Nyumba ya bibi haikupata sakafu ya saruji hadi wajukuu walipoanza kazi.

Lakini wema wake haukuwa wa kijinga. Mteja mpya alipata mkungu mmoja au miwili tu kwa mkopo. Akilipa, anaongezewa. Asipolipa, haongezewi, ila hatukanwi sokoni. Sote tunajua kwamba dawa ya deni ni kulipa. Bibi aliongeza kwamba mdai naye lazima aache njia ya kulipia. Ukimfungia mtu mlango, alisema, umepoteza deni na umempoteza mtu.

Naandika haya kwa sababu biashara yetu ya mipakani bado inategemea watu wa namna yake kuliko inavyotegemea karatasi. Hilo si jambo la kujivunia tu. Jumuiya ya sasa ina utaratibu rahisi wa biashara: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Ndizi za bibi zingestahili. Alizeeka bila mtu kumweleza hivyo kwa lugha ya sokoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa ni dogo. Msibandike tangazo ukutani mkadhani mmemaliza. Nendeni sokoni siku ya soko, mkae kwenye kigoda, mweleze orodha na cheti kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua kusoma. Mkifunga mpaka tena kwa dharura, kumbukeni pia yule asiye na lori.

Kwetu sisi wafanyabiashara ombi ni zito zaidi. Tupime kwa mizani ya kweli. Ukikwama na deni, usizime simu, jitokeze useme. Na ukiwa mdai, mtafute mwenzako kabla hujamchafua jina. Serikali inaweza kufungua geti, lakini haiwezi kumwamini mtu kwa niaba yako.

Yule mama wa Taveta alipomaliza kuhesabu fedha zake, nilipiga mstari kwenye jina lake, nikaandika “amelipa”. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kuna mzigo wa Jumamosi, maana mfukoni sasa hana kitu. Nilimtazama baba mdogo, yule yule anayesema wema hufukarisha. Akavuta kiti karibu na daftari.

“Andika,” akaniambia. “Mikungu minane.”