Rangi Hutiwa, Haipakwi

Mwaka jana shemeji yangu alirejea kutoka hospitali na karatasi ya Kiingereza mkononi. Alikuwa ametolewa kijipande cha ini kikatazamwe kwa hadubini. "Waniambia kolajeni imezidi," akasema. "Ndiyo nini hiyo, bwana? Ni mdudu?" Nami, niliyekula umri wangu nikichezea maneno, sikuwa na jibu.

Nikamwendea kijana mmoja wa maabara. Kipande kile, akanieleza, hukazwa kwa formalini, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vyembamba hata unene wake ukawa kama sehemu 5 za elfu moja za milimita. Hapo hakionyeshi kitu mpaka kipate rangi. Kwa rangi za kila siku, msuli na kolajeni vyote huwa vya waridi na jicho likababaika. Ndipo hutumika dawa ya Ira van Gieson, tabibu wa New York, aliyeieleza mwaka 1889: asidi ya pikriki ya manjano na fuksini nyekundu, zimechanganywa pamoja. Msuli na nyama ya ini hushika manjano, kolajeni hushika wekundu. Ini lenye makovu huonekana limetandwa nyuzi nyekundu, mfano wa samaki aliyenaswa wavuni.

Lakini kijana alisema "kupaka rangi", nami sikubali. Ukuta ndio hupakwa. Nilipokuwa chuoni niliandika ubaoni kwa wino wa masizi, jioni nikauosha kwa maji. Najua rangi ikaayo juu ilivyo. Hii huingia ikashikana na uzi wenyewe. Hutiwa, kama nguo itiwavyo.

Na hiyo kolajeni? Wazungu wameitoa kwa Wayunani, ambao kwao kolla ni gundi, kwani ngozi na kano zikichemshwa sana hutoa gundi. Basi si ndiyo sherisi ya maseremala wetu? Neno tunalo, limelala karakana, nasi twahangaika na la wenyewe. Mimi nitasema nyuzi za sherisi, na anicheke anayetaka.

Nilimwambia shemeji: "Ini lako limeota makovu. Nyuzi za sherisi zimekalia mahali pa nyama." Alinyamaza kitambo. Kesho yake alfajiri alipanda basi kurudi kwa daktari, safari hii ana maswali manne.