Mtu Katoka, Basi Bendi Imekufa? Wacheni Hizo!

Hebu tuambiane ukweli, watu wangu wa Mtongwe. Bendi ikiondokewa na mtu mmoja tu, nyinyi ndio wa kwanza kuandika "RIP". Mpiga gitaa akienda zake Doha kutafuta riziki, tayari mshawazika waliobaki!

Them Mushrooms walianza hapahapa Mombasa 1972, Teddy Kalanda na nduguze. "Jambo Bwana" ikatoka 1982, mwaka uliofuata Boney M nao wakaitoa yao. 1987 wakahamia Nairobi. Watu wakaingia, watu wakatoka, hata jina likageuka likawa Uyoga. Na bado wakapiga: chakacha, rege, taarabu na Malika. Wangewasikiliza nyinyi, wangeishia 1973.

Bendi ni mazoezi. Ni yule mpiga besi ambaye hata jina lake hamlijui. Nyinyi mwataka kila kijana aimbe peke yake juu ya biti ya simu, halafu mnalia eti Pwani haina muziki wa laivu. Yani!

Mtu akitoka, ulizeni kaingia nani na shoo ni lini. Kisha mje mlipe kiingilio. Kulia msibani ni bure, ndio maana mwapenda.