Tuwatoe Kupe Mbwa Wetu, Kijiji Kizima kwa Siku Moja

Ndugu zangu mnaoishi Amani na vijiji vyote vinavyopakana na misitu ya Usambara Mashariki, nina ombi kuhusu mbwa. Ndiye anayekesha nje mvua ikinyesha ili nguruwe pori wasimalize mihogo yetu. Ndiye anayetangulia njia ya shamba la iliki, na kupe wanaongoja kwenye ncha za majani humdaka yeye kwanza. Leo jioni, mkishamaliza kula, mwiteni mmkague.

Anzeni masikioni, ndani na nyuma, kisha shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Mtamkuta jike aliyeshiba damu, wa kijivu, kavimba kama mbegu ya nyonyo, na kando yake wadogo wa kahawia ambao kwa haraka mtu hudhani ni uchafu. Hao wadogo nao ni kupe. Mshike kwa kibano, karibu kabisa na ngozi ya mbwa, umvute taratibu bila kumzungusha, kisha umtumbukize kwenye spiriti. Usimtumbue kwa kucha, maana baadhi ya homa za kupe humpata binadamu pia. Anayeona uzito kumgusa mbwa kwa sababu ya twahara avae glavu. Kumhurumia mnyama kuna thawabu.

Ila kumtoa kupe mbwa mmoja hakutoshi, na hapa ndipo ninapowaomba tushirikiane. Jike akishashiba hujiangusha, akajificha kwenye ufa wa ukuta au chini ya majani makavu, akataga mayai kwa maelfu. Watoto huanguliwa na miguu sita, hupanda mnyama, hunyonya, huanguka na kujibadili, kisha hurudia tena hadi wakomae. Sehemu kubwa ya maisha yake kupe haishi juu ya mbwa. Anaishi uani kwetu, na unyevu wa msitu humlinda asikauke. Ukimwogesha mbwa wako leo na wa jirani akabaki vilevile, baada ya wiki chache utawakuta wamerudi.

Wanachokileta ni kizito. Vimelea viitwavyo babesia hupasua chembe nyekundu za damu. Bakteria waitwao erlikia hushambulia chembe nyeupe na kufanya damu isigande. Mbwa anakataa chakula, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mwekundu au kahawia, pengine damu inamtoka puani. Sisi husema kala sumu, tukamwacha afe, kumbe akiwahishwa kwa daktari wa mifugo dawa zipo.

Na madhara yanaweza kufika hadi porini. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Watafiti walikuja kueleza kwamba ukame wa 1993 ulidhoofisha nyati wakajaa kupe, simba wakawala, na babesia ikawa imeshawachosha simba distempa ilipofika. Afya ya mbwa wetu na ya wanyama wa msituni haziko mbali.

Mafuta ya taa na oili chafu tuviache kabisa. Vinaunguza ngozi, na mbwa akijilamba vinamdhuru tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikadiriwe kwa macho: aulizwe bwana mifugo kipimo cha mbwa. Wenye paka wawe waangalifu zaidi, kwani dawa ya mbwa yenye permethrini huua paka.

Ninachoomba ni siku moja. Wenyeviti wa vitongoji, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano ujao wa kijiji, mpange na bwana mifugo lifanyike siku ileile ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani mbwa watakuwa wamekusanyika tayari. Kila kaya ichangie dawa kadiri inavyoweza, na asiye na kitu mbwa wake aogeshwe pamoja na wengine. Asubuhi hiyohiyo tufagie pale mbwa wanapolala, tuchome takataka, tuzibe nyufa za kuta kwa udongo. Baada ya hapo bwana mifugo atatupangia tarehe ya kurudia, kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa.