Kitenzi "Pick Up" na Upungufu wa Kisawe Kimoja

Katika soko la Tarakea, mpakani mwa Tanzania na Kenya, neno pikapu halihitaji kufafanuliwa: ni gari dogo la mizigo lenye bodi ya wazi nyuma. Kitenzi cha Kiingereza "pick up" kimeingia katika Kiswahili kwa umbo hilo la nomino. Maana zake za kitenzi hazikukopwa, kwani Kiswahili kilikuwa na vitenzi vyake tangu zamani.

Hata hivyo, aghalabu kitenzi hicho hufundishwa madarasani kwa kisawe kimoja, yaani okota. Kisawe hicho chafaa kwa sarafu iliyoanguka chini. Lakini mzigo huinuliwa, abiria hupakiwa, mtoto hufuatwa shuleni, simu hupokewa, mtuhumiwa hukamatwa, redio hunasa matangazo ya ng'ambo ya mpaka, biashara iliyodorora huchangamka, mgonjwa hupata nafuu. Kiingereza huzibebesha kazi hizi zote umbo moja, na nomino inayoandamana nalo ndiyo iamuayo maana. Katika Kiswahili nomino hiyohiyo huamua ni kitenzi gani kitumike.

Mfano mgumu zaidi ni wa kujifunza lugha. Mwingereza akisema kwamba mfanyabiashara kutoka Illasit "picked up" Kirombo sokoni, hana nia ya kumdharau: mtu huyo amejifunza kwa kusikia na kutumia, bila mwalimu. Tukisema "ameokota Kirombo", tumemtia doa. Okota, na hasa okoteza, hudokeza kitu kisicho na mwenyewe, kilichopatikana bila jasho wala uhakika. Ndiyo maana habari za kuokoteza haziaminiki. Hapa kisawe hakipunguzi maana tu, bali kinageuza maelezo ya kawaida kuwa kejeli.

Jambo hili si dogo kwa mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta masomo ya kidato cha kwanza yakifundishwa kwa Kiingereza. Akisoma katika jiografia kwamba upepo "picks up", okota yake haimfikishi popote, wala hana njia ya kutambua kosa liko wapi. Wapo wadaio kwamba chanzo ni uchache wa msamiati wa Kiswahili. Dai hilo hatulikubali hata kidogo. Mifano iliyotangulia yaonyesha wingi, na ni wingi huo usiofundishwa. (Mgeni ajifunzaye Kiswahili naye hutatizwa na piga simu, piga pasi, piga picha na piga magoti, lakini hakuna mwalimu makini amwambiaye kwamba piga ni kuchapa basi.)

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (1996) imetufaa sana. Ni maoni yetu kwamba TATAKI, iliyoirithi TUKI mwaka 2009, ingefanya vyema kupanga visawe vya vitenzi vya namna hii kwa kufuata nomino zinazoandamana navyo, kila kisawe na sentensi yake. Mwalimu naye asingoje kamusi hiyo: sentensi nane za sokoni zatosha kwa kipindi kimoja.