CHETI CHA UKAGUZI WA NYUMBA

Kwa muda wa miezi kadha tumepokea barua za wanachama wenzetu wakituuliza habari za kazi ambayo haijazoeleka katika ofisi zetu, nayo ni kazi ya mkaguzi wa nyumba mwenye leseni. Wengine wana watoto au ndugu walioko ng'ambo, nao wameandikiwa na hao ndugu kwamba wataka kujifunza kazi hiyo na waomba msaada wa ada. Wengine wamekaribia kustaafu, nao wameona matangazo ya masomo ya mtandaoni yasemayo kwamba mtu aweza kuwa mkaguzi kwa majuma machache tu. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, tumeona yafaa tuseme hapa neno letu kwa wote.

Kwanza ijulikane kazi yenyewe ni nini, maana wengi huichanganya na kazi ya Bwana Afya, au ya mhandisi wa baraza la mji. Hao hutumwa na sheria, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kuwakataa. Mkaguzi tunayemsema huitwa na mtu anayetaka kununua nyumba, au na yule anayeiuza, ili aitazame kabla ya fedha kutolewa. Hulitazama paa na mifereji yake, hupanda darini akaangalia boriti, hutafuta nyufa za kuta na unyevu uliopanda kutoka chini, hufungua sanduku la umeme, hufungulia mabomba akaona maji yaendako. Havunji ukuta wala habandui sakafu. Asemalo ni lile lionekanalo kwa macho na kwa vyombo vyake, na kwa kawaida hasemi nyumba ina thamani gani.

Kisha huandika. Nasi tulio makarani twaweza kulisema jambo hili pasipo kujisifu: sehemu kubwa ya ustadi wa kazi hiyo ni uandishi. Taarifa isemayo tu kwamba paa ni bovu haimsaidii mnunuzi. Yampasa mkaguzi aseme ni upande upi, vigae vimefanya nini, maji yameingia hata wapi, na kama jambo hilo laweza kungoja au halingoji. Katika mpango wa Waingereza tutakaoueleza sasa hivi, kila sehemu ya nyumba ilipewa namba: 1 maana yake hapana haja ya kutengeneza, 2 maana yake yataka kutengenezwa lakini si jambo la hatari wala la haraka, na 3 maana yake ni jambo zito au la haraka. Mpango huo ndio tunaotaka wenzetu waufikiri sana kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Katika mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Nyumba, na ndani yake iliwekwa amri kwamba mtu auzaye nyumba katika Uingereza na Wales awe na bunda la hati tayari kabla ya kuitangaza. Nia ilikuwa njema. Katika nchi ile wanunuzi hupoteza fedha nyingi kwa kulipia ukaguzi wa nyumba ambazo mwisho hawazinunui, na kila mnunuzi mpya huanza tena upya kwa gharama yake. Serikali ilikusudia kwamba katika bunda hilo iwemo taarifa ya hali ya nyumba, iliyoandikwa na mkaguzi mwenye cheti maalumu, ili wote waitumie hiyo moja. Siku ya kuanza iliwekwa: 1 Juni 2007.

Wakaguzi wa namna hiyo hawakuwapo, basi ilibidi wafanywe. Ilitungwa stashahada ya ukaguzi wa nyumba. Mwanafunzi alitakiwa kusoma habari za ujenzi, kufanya mtihani, na kuleta faili la taarifa za nyumba alizozikagua yeye mwenyewe ili zisahihishwe. Baada ya hapo sharti aandikishwe katika chama kilichoruhusiwa, achunguzwe mwenendo wake, na awe na bima ya kulipa ikiwa taarifa yake imemponza mtu. Mafunzo hayo yaliwagharimu wengi maelfu ya pauni, nao walilipa kutoka mifukoni mwao. Wengine walikuwa watu wazima walioacha kazi nyingine, kwa sababu Serikali yenyewe ilikuwa imesema kwamba watahitajiwa maelfu ya wakaguzi.

Tarehe 18 Julai 2006, yaani miezi kumi na kitu kabla ya siku iliyowekwa, Waziri wa Nyumba Bi. Yvette Cooper alitangaza kwamba taarifa ya hali ya nyumba haitakuwa ya lazima tena. Atakaye ataiweka, asiyetaka ataiacha. Kila mtu ajuaye tabia za wauzaji ajua maana ya maneno hayo. Muuzaji gani atalipa kwa hiari yake ili mtu mwingine amtafutie kasoro za nyumba yake? Kwa tangazo moja cheti kilibaki vile vile, na mhuri wake, na saini zake, ila kazi yake iliondoka.

Yaliyofuata twayasema kwa ufupi. Bunda lenyewe liliahirishwa, likaanza tarehe 1 Agosti 2007 kwa nyumba kubwa peke yake, likaenea kwa nyumba zote mwezi wa Desemba mwaka ule, kisha Serikali mpya ikalisimamisha mwezi wa Mei 2010, na sheria ya mwaka 2011 ikalifuta kabisa. Kilichosalia ni hati ya matumizi ya nishati ya nyumba, ambayo mwanzo wake ni amri ya Umoja wa Ulaya. Baadhi ya wale waliosomea ukaguzi walijipatia riziki humo, lakini ni kazi ndogo kuliko ile waliyoahidiwa.

Hatuyaandiki haya kwa kuwacheka Waingereza. Twayaandika kwa kuwa shauri lile lilikuwa la ofisini, na sisi ni watu wa ofisini. Mara nyingi mikono yetu ndiyo ipigayo chapa nyaraka za namna hiyo. Kwa mtu aliye mezani, neno "inatazamiwa" ni neno la adabu tu, lisilomfunga mtu yeyote. Lakini huko nje yuko mwenye watoto alisomaye akaliona kuwa ni ahadi, akaenda benki akatoa akiba yake. Waraka ukibatilishwa, aliyeuandika hupewa waraka mwingine wa kuandika, wala mshahara wake haupungui senti. Mwenye akiba ndiye hulipa. Kwa maoni yetu, Serikali iwaitayo watu wasomee kazi ambayo sheria yake bado haijakomaa yapasa ishirikiane nao katika hasara ikiwa itageuza nia, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo, wakati kila mtu angali na furaha.

Tena palikuwa na kasoro nyingine iliyokuwa dhahiri kwa atakaye kutazama. Taarifa ile haikuonyesha thamani ya nyumba, na benki haitoi mkopo wa nyumba isipojua thamani. Kwa hiyo hata mnunuzi aliyekuwa na taarifa safi mkononi, benki yake ingeweza kumtuma mthamini wake vile vile. Jirani zao wa Uskoti walitenda kwa njia nyingine. Tangu 1 Desemba 2008 nyumba nyingi zinazouzwa huko huwa na taarifa yake, nayo huandikwa na wapimaji wa majengo wa daraja la juu, watu waliokuwa na kazi yao tangu zamani, na ndani yake mna thamani pia. Mpango huo ungali hai hata leo. Hapakuwa na haja ya kuwaita watu wapya walipe ada, kisha kuwaacha njiani.

Sasa kwa wale wenye ndugu huko Marekani. Nchi ile haina sheria moja kwa jambo hili. Kila jimbo lina yake. Katika jimbo la New York sheria ya leseni ilianza kutumika mwisho wa mwaka 2005, nayo yamtaka anayejifunza atimize saa 140 za mafunzo, na katika hizo saa 40 awe ndani ya nyumba halisi pamoja na mkaguzi mwenye leseni anayemsimamia. Majimbo mengi hutumia mtihani mmoja wenye maswali 200, kwa muda wa saa nne. California, jimbo kubwa kuliko yote kwa wingi wa watu, halitoi leseni ya kazi hii kabisa; atakayekuuzia "leseni ya California" anakuuzia karatasi.

Basi mwanachama akiombwa ada, asianze kwa kuuliza chuo kina sifa gani. Na aulize: jimbo lenyewe lataka leseni? Sheria yake imekwisha anza kutumika, au ingali inatazamiwa? Na zile saa za kuingia nyumbani pamoja na mkaguzi, nani amekubali kumchukua kijana huyu? Hili la mwisho ndilo wengi husahau. Masomo ya kitabu hupatikana hata usiku wa manane ukiwa kitandani, lakini harufu ya mbao iliyooza na sauti ya lipu iliyoachana na ukuta haziji kwa mtandao. Mkaguzi mwenye kazi zake naye hana sababu ya kumfundisha mtu atakayekuwa mshindani wake mwakani, ila kwa malipo au kwa udugu. Mwenye kuahidi majuma machache, aulizwe saa hizo zitafanyika katika nyumba ya nani.

Yabaki neno moja la hapa kwetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, tena hilo lilikuwa la maduka na watu wakiwamo ndani, wakafa zaidi ya 20. Kukagua nyumba inayouzwa na kukagua jengo linalojengwa si kazi moja, nasi hatutaki kuzichanganya. Lakini kila jengo liangukapo husikika sauti zikisema kwamba wakaguzi na waongezwe, na huenda siku moja patatoka waraka wa kuwaita vijana wasomee vyeti vipya. Twautaka wito huo. Ila twataka pia kwamba kabla ya kijana wa kwanza kulipa ada, itangazwe ni sheria ipi itakayomlazimisha mwenye jengo kumwita, na ni nani atakayemlipa, na taarifa yake ikisema namba 3 ni nani atakayefunga mlango wa jengo hilo.

Halmashauri ya Chama italizungumza jambo hili katika mkutano wake ujao. Matawi yaliyo na wanachama katika ofisi za ardhi, za ujenzi na za mabaraza ya miji yanaombwa yamwandikie Katibu maoni yao, kwa mkono au kwa chapa, na yeyote aliyekwisha lipa ada kwa chuo cha namna hiyo atuletee nakala ya stakabadhi yake na ya tangazo alilolisoma.